Hewa Iingie Kwenye Hesabu ya Shimo

Ndugu wanachama, na walimu wetu mnaotusoma kwa kalamu nyekundu mkononi,

Katika kikao chetu kilichopita tulijadili bahati na juhudi. Mwenzetu mmoja, ambaye ni rafiki yangu na chai tutaendelea kunywa pamoja, alitoa mfano wa Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mererani. Wengi mnaikumbuka habari ile. Juni 2020 aliiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Agosti mwaka huohuo akauza la tatu la kilo 6.3 na kupata bilioni nyingine 4.8. Mwenzetu akahitimisha: "Ile kazi ni bahati nasibu. Anayeingia shimoni anajua anacheza kamari, akipata kapata, akifa kajitakia." Watu wakacheka kidogo, mada ikaendelea.

Mimi nilinyamaza, kwa sababu hasira haijengi hoja. Leo nimetulia, na hoja yangu ni hii: mchimbaji wa chini ya ardhi hauawi na bahati mbaya. Anauawa na kukosekana kwa vitu ambavyo vina majina na vina bei: hewa, maji ya kutobolea, nguzo za kushikilia mwamba, na mkataba wa kazi. Vitu hivyo havipo shimoni kwa sababu hakuna aliyeviweka kwenye hesabu ya shimo. Na anayepiga hesabu hiyo si yule anayeshuka.

Nimekulia Boma Ng'ombe, wilaya ya Hai. Kutoka kwetu hadi Mererani si safari ndefu. Unafuata njia ya Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, unaingia barabara ya Mererani, na mbele yako unaviona vilima vya Simanjiro, vikavu, rangi ya majivu. Huko ndiko tanzanite iligunduliwa mwaka 1967, na hadi leo hakuna mahali pengine duniani inapochimbwa kibiashara. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikwenda huko akiwa na miaka kumi na tisa, akawa mwanaapolo, ndilo jina la wanaozama shimoni. Alikaa miaka kumi na minne. Alirudi na pikipiki moja, nyumba ya vyumba viwili isiyo na dari, na kikohozi.

Yeye ndiye aliyenieleza shimo lilivyo, nami nitawaeleza kama nilivyomwelewa, pamoja na machache niliyoongeza kutoka darasani.

Watu wengi wakisikia "mgodi" wanafikiria shimo kubwa la wazi kama lile la Geita, lenye malori marefu kuliko nyumba. Shimo la mchimbaji mdogo ni kitu kingine. Mdomo wake ni mdogo. Linashuka kwa mteremko mkali, watu wakishikilia ngazi na kamba, kwanza mita makumi, halafu mamia. Likishaufikia mkanda, yaani tabaka la mwamba linalobeba madini, ndipo njia ya mlalo inapoanza, na kazi yenyewe iko hapo. Njia hiyo haifuati ramani, inafuata mkanda. Mkanda ukipinda, nayo inapinda. Mkanda ukiwa mwembamba, nayo inabanwa hadi mtu anafanya kazi akiwa amelala ubavu. Hakuna anayependa kuipanua, kwa maana kila jiwe lisilo na madini unalolivunja utalibeba kwenye mfuko hadi juu, bure. Miaka ya nyuma watoto waliotumwa kupenya njia kama hizo waliitwa nyoka. Jina linajieleza.

Njia ya mlalo yenyewe haina kosa. Katika nchi zenye makaa ya mawe milimani watu wamechimba hivyo kwa karne nyingi. Unaingia ubavuni mwa kilima, unaliinua handaki kidogo kidogo kadiri unavyokwenda ndani, maji yanatiririka yenyewe kutoka nje, na behewa lililojaa linateremka bila kumchosha msukumaji. Unatoboa tundu la pili ili hewa iingie huku na kutokea kule. Unaacha nguzo za mwamba au unasimamisha miti kila baada ya hatua kadhaa. Mahandaki ya namna hiyo yamewalisha watu wengi. Linaloua ni handaki lenye tundu moja tu, lisilo na mfereji wala nguzo, refu kuliko mpira wa hewa uliopo.

Nianze na hewa. Baruti ikilipuka hutoa moshi wenye kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu kama usingizi. Juu ya ardhi upepo huiondoa kwa muda mfupi. Ndani ya njia ya mlalo haiondoki mpaka isukumwe. Wachimbaji hutegemea kompresa iliyo juu, inayopeleka hewa chini kwa mpira mrefu. Kompresa inakunywa dizeli, na dizeli ni fedha. Mjomba anasema walizoea kuuliza swali moja kila baada ya mlipuko: "Tusubiri au tushuke?" Kusubiri ni dizeli inayoungua bila jiwe kutoka. Kwa hiyo walishuka. Juni 2002, huko huko Mererani, wachimbaji zaidi ya 30 walikufa shimoni kwa kukosa hewa. Sijui hata mmoja aliyekuwa ameshuka siku ile ili afe.

Yafuatayo ni maji. Aprili 1998, mwaka wa El Nino, mafuriko yaliingia kwenye mashimo ya Mererani na kuua watu wanaokadiriwa kufika mia moja. Machi 2008 mvua ikarudia, na makumi ya wachimbaji wakafia chini. Hapa kuna neno ambalo ningependa kila mwanachama alijue: mtobozano. Ni pale njia yangu ya mlalo inapokutana na yako chini ya ardhi, kwa sababu wote wawili tunafuata mkanda mmoja na mkanda haujui mpaka wa leseni. Leseni za juu zimepimwa kwa vigingi. Chini hakuna kigingi. Mitobozano imezaa ugomvi mwingi, kati ya wachimbaji wadogo wenyewe, na kati yao na kampuni kubwa iliyokuwa Kitalu C baada ya eneo kugawanywa vitalu A, B, C na D mwaka 1990. Kwa mwanafunzi wa uhandisi mtobozano unashangaza: unaweza kukuletea hewa, kwa kuwa sasa kuna tundu la pili, lakini unakuletea pia moshi wa baruti ya jirani bila taarifa, na mvua ikinyesha, maji yaliyoingia kwa jirani yamekwisha kuingia kwako.

Kuhusu mwamba, tuhamie Kanda ya Ziwa, kwenye dhahabu. Huko shimo huitwa duara, na miti inayozuia kuta huitwa matimba. Matimba ni miti tu. Hakuna teknolojia ndani yake ambayo babu zetu hawakuijua. Hata hivyo miti inauzwa, inasafirishwa na inaoza, na mwamba usipoanguka wiki hii, mwenye fedha anaona ametupa fedha. Oktoba 2015 duara liliporomoka huko Nyangarata, Kahama. Watano walitolewa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji yaliyodondoka. Dunia nzima iliwaita watu wa muujiza. Mimi nilikuwa shule wakati huo, nami nilishangilia. Leo nikiifikiria habari ile najiuliza kwa nini tulijua kwa undani walichokula, lakini hakuna aliyetuambia duara lile lilikuwa na matimba mangapi. Januari 2024, huko Bariadi mkoani Simiyu, watu zaidi ya 20 walifukiwa na kufa. Muujiza haukurudi.

La mwisho ni vumbi, nalo linatuhusu sisi tunaosoma hapa kuliko tunavyodhani. Angalieni jina la mtaa wetu: Dubai Silicon Oasis. Oasisi ya silikoni. Mtaa huu ulianzishwa mwaka 2004 uwe makao ya kampuni za teknolojia, na silikoni ndiyo inayotengenezewa vichakato vya kompyuta tunazobeba mgongoni. Silikoni hutokana na silika, na silika ndiyo kwatsi, lile jiwe gumu jeupe ambalo miamba ya migodi imejaa. Ukilisafisha kiwandani unapata silikoni ya maabara yetu. Ukilitoboa kwa mashine kavu ndani ya handaki unapata vumbi ambalo chembe zake mbaya zaidi ni ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita. Kitambaa ulichofunga puani halikizuii. Linakwenda hadi mwisho wa pafu, linakaa huko, na pafu linajifanyia kovu juu ya kovu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaifungulia kifua kikuu mlango. Si ajabu kwamba Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu iliyoko wilaya ya Siha tangu mwaka 1926, inawajua vizuri wachimbaji wa Mererani.

Mjomba hatumii neno silikosisi. Anasema, "Kifua kimekuwa jiwe." Daktari angeweza kusema hivyohivyo na asiwe amekosea.

Sasa, dawa ya vumbi hilo inajulikana. Tangu miaka ya 1890 kuna mashine za kutobolea zinazopitisha maji katikati ya chuma, ili vumbi liwe tope kabla halijapaa. Wachimbaji wa Marekani waliziita mashine kavu za kabla ya hapo kwa jina la watengeneza wajane. Afrika Kusini, ambako kizazi cha babu zetu kutoka kusini mwa Tanganyika kilipelekwa kwa mikataba kuchimba dhahabu, suala la vumbi lilifika mahakamani, na mwaka 2018 kampuni kubwa za dhahabu zilikubali kulipa fidia ya randi bilioni 5 hivi kwa waliougua silikosisi na kifua kikuu. Kwa hiyo hakuna wa kusema hatukujua. Tunajua kwa zaidi ya miaka mia moja.

Basi kwa nini mashine ya mjomba ilikuwa kavu? Nilimuuliza. Akanijibu kwa kunichorea mgao.

Tajiri, maana ndivyo mfadhili wa shimo anavyoitwa, hutoa baruti, dizeli, vyakula na fedha kidogo za kujikimu. Wanaapolo hutoa miili yao. Hakuna mshahara. Inaweza kupita miezi, hata mwaka, bila jiwe. Siku jiwe likitoka na kuuzwa, tajiri kwanza anarudisha gharama zake: baruti kiasi hiki, dizeli kiasi hiki, unga na maharage kiasi hiki. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, na sehemu kubwa ni ya tajiri na mwenye leseni. Wanaapolo wanagawana iliyobaki. "Sasa, mwanangu," akaniambia, "maji ya kutobolea yangeingia wapi hapo? Tajiri akiyaweka, anasema ni gharama. Sisi tukiyadai, tunaona tunajipunguzia mgao. Wote tulikuwa tunapiga hesabu, na kifua hakikuwemo."

Nimeisikiliza sentensi hiyo mara nyingi kichwani. Ndiyo jibu langu kwa mwenzetu aliyesema "kajitakia". Mtu anayelipwa kwa mgao, asiye na mkataba, mwenye familia inayosubiri nyumbani, akiambiwa achague kati ya hewa ya leo na jiwe la kesho, hajaachiwa uchaguzi mkubwa. Kamari ya kweli huchezwa na mtu anayehatarisha fedha zake. Hapa fedha zinarudishwa kwanza, na kinachohatarishwa bila kurudishwa ni mapafu ya mwingine.

Wenzetu wa Ghuba hii wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Kabla ya mafuta, miji ya pwani hii iliishi kwa lulu. Mzamiaji alishuka kwa pumzi moja, akiwa na kamba mwilini na mwenzake juu akimvuta. Hakuwa na mshahara. Alikuwa na mgao mwisho wa msimu, baada ya nahodha kukata gharama na deni alilomkopesha ili familia yake ile. Msimu ukiwa mbaya, deni linakwenda msimu ujao. Miongoni mwa wazamiaji hao walikuwamo watu wa asili ya Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa watumwa. Lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 viliimaliza biashara ile. Leo ukienda makumbusho ya hapa mzamiaji anaheshimiwa kama shujaa, na anastahili. Ila ushujaa wake haukumfutia deni. Nawaomba tusimfanye mwanaapolo shujaa wa namna hiyo, wa kuimbwa akiwa amekwisha kufa.

Yapo majibu ambayo nimeyasikia, na sina budi kuyapima kwa haki.

Kwanza, wanasema serikali imechukua hatua. Ni kweli. Septemba 2017 Rais Magufuli aliagiza ukuta ujengwe kuzunguka Mererani, na Aprili 2018 jeshi lilikuwa limekamilisha ukuta wa kilomita 24.5. Mwaka 2019 masoko ya madini yakafunguliwa nchini, likianza la Geita, na mchimbaji mdogo akapata mahali halali pa kuuzia. Makusanyo ya serikali yaliongezeka. Ninaunga mkono yote mawili. Lakini ukuta unalilinda jiwe lisitoroke. Getini wanakukagua wakati wa kutoka kama umebeba tanzanite. Ningependa siku moja tukaguliwe wakati wa kuingia pia: kompresa inafanya kazi? Mpira unafika mwisho wa njia? Mashine ina maji?

Pili, wanasema Simanjiro ni nchi kavu, maji hata ya kunywa ni ya shida. Hoja hii nzito kuliko zote, na mjomba mwenyewe huitoa. Ni kweli maji yanaletwa kwa gari na yanauzwa. Lakini dizeli nayo inaletwa kwa gari na inauzwa, na hakuna shimo lililofungwa kwa sababu Simanjiro haina kisima cha dizeli. Kitu kikishaingia kwenye orodha ya "bila hiki hatuzami", fedha yake hupatikana.

Tatu, na hili ni la sisi wahandisi, wanasema teknolojia itatatua. Mwaka jana kikundi chetu darasani kilitengeneza kifaa kidogo cha kunusa kaboni monoksidi. Gharama yake haikuzidi chakula cha wikendi cha watu wanne mjini hapa. Kilifanya kazi, kikapiga kelele, taa nyekundu ikawaka, tukapewa alama nzuri. Nilimtumia mjomba video kwa fahari zote. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, na kikohozi kikiwa katikati: "Kizuri, mwanangu. Sasa kikipiga kelele mimi nikatoka, siku hiyo nani ananilipa?" Sikuwa na jibu. Kifaa changu kilijua kupima gesi, lakini mgao hakikuugusa.

Nne, wanasema hayo ni mambo ya Tanzania, sisi tuko Dubai. Ndugu zangu, pandeni basi, kisha metro, mshuke Gold Souq, mtembee Deira jioni moja mkitazama vioo. Shirika la Uswisi la Swissaid lilikadiria mwaka 2024 kwamba dhahabu ya Afrika iliyoondoka barani bila kutangazwa mwaka 2022 ilikuwa tani 435, na tani 405 kati ya hizo zilifika Falme za Kiarabu. Tangu Januari 2023 viwanda vya kusafisha dhahabu nchini hapa vinatakiwa na kanuni kuchunguza dhahabu yao imetoka wapi. Hilo ni jema. Na ukiangalia simu yako, kuna uwezekano wa kuwemo chembe ya tantali iliyotokana na koltani ya Rubaya, huko Masisi, mashariki ya Kongo, ambako wanaoshika koleo huzungumza Kiswahili kama sisi, na ambako tangu 2024 machimbo yako mikononi mwa waasi wa M23. Mtu anayeishi kwenye oasisi ya silikoni hawezi kusema shimo liko mbali naye.

Sasa niseme ninachotaka, maana makala ya maoni isiyodai kitu ni malalamiko.

Kwa wenye mashimo na wafadhili: hewa, maji ya kutobolea na matimba viingie kwenye orodha ya gharama zinazokatwa kwanza, pamoja na baruti na dizeli, kabla ya mgao wa mtu yeyote. Visingojee huruma ya tajiri wala ujasiri wa mwanaapolo. Na siku ya kutoka kwa sababu ya gesi ihesabiwe kuwa siku ya kazi, yenye posho yake. Hapo ndipo kifaa kama chetu kitakapokuwa na maana.

Kwa serikali yetu: mkataba wa maandishi kwa kila anayezama. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, na magonjwa yatokanayo na kazi yanahusika. Lakini mfuko unamjua mfanyakazi aliyeandikishwa na mwajiri. Mjomba hana karatasi hata moja inayosema aliwahi kufanya kazi kwa miaka kumi na minne. Kwa karatasi, alikuwa akitembea tu Simanjiro.

Kwa chama chetu: tuna kitu ambacho wengine hawana, nacho ni lugha. Maelekezo mengi ya mashine na vifaa vya usalama yanakuja kwa Kiingereza au Kichina. Wakati huohuo wachimbaji wana Kiswahili chao kizima, mtobozano, mkanda, matimba, duara, kuzama, na maneno hayo sijayaona kwenye kamusi niliyonayo mezani kwa maana wanazozitumia. Napendekeza muhula ujao tupunguze midahalo miwili, na badala yake turekodi masomo mafupi ya sauti, dakika tatu tatu, kwa Kiswahili cha shimoni: kwa nini kusubiri baada ya baruti, mpira wa hewa ufike wapi, vumbi linaingiaje kwenye pafu, mkataba uwe na nini. Tuwasikilizishe kwanza wachimbaji wachache watusahihishe, maana wao ndio walimu wa lugha hiyo. Kisha tuvikabidhi vyama vyao, FEMATA kwa taifa na MAREMA kwa Manyara, visambazwe kwenye simu. Hakuna fedha nyingi inayohitajika. Walimu wetu wa isimu wanaweza kupata humo msamiati wa kutosha tasnifu mbili.

Sitaki kudanganya kwamba sauti za dakika tatu zitaleta kompresa. Hazitaleta. Lakini mtu anayejua bei ya kitu anachonyimwa hukidai kwa sauti tofauti na yule anayeambiwa kuwa ni bahati yake.

Kwa rafiki yangu wa kikao kile: sikukasirika tena. Ukija Boma Ng'ombe likizo hii, nitakupeleka kwa mjomba. Atakukaribisha vizuri, atakutania, atakuchinjia kuku. Ukimuuliza kuhusu Laizer atamsifu, hana kijicho. Halafu atanyanyuka kwenda kufunga geti, hatua ishirini tu, na kabla ya kulifikia atasimama, ashike ukuta, apumue. Utamsubiri hapo bila kusema kitu. Akirudi kwenye kiti, mwambie mwenyewe kwamba kajitakia, kama bado utaweza.